Wafalme Saba wa Randuma

Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili, siku ilianza kwa manyunyu, kisha jua likachomoza huku mvua ikiendelea kunyesha, kana kwamba mbingu zenyewe hazijaamua. Hariri aliipenda hali ya hewa ya namna hiyo. Mvua huwasukuma watu kwenye mabaraza ya wenzao, na mtu aliyesimama barazani pa mwenzake hana budi kuongea.

Aliitwa Hariri kwa sababu mbili. Ya kwanza ni tai yake ya hariri ya zambarau, aliyoifunga hata siku ambazo hakuwa na soksi. Ya pili ni ulimi wake. Aliwahi kumuuzia kinyozi mwenye upara dawa ya kuotesha nywele, na kinyozi akamshukuru. Aliwahi kuwakodisha watu viti katika mkutano wa bure, tena viti vya mwenye mkutano. Mungu amsamehe, na sisi tusimhukumu kabla hatujafika mwisho.

Baraza alilojibanza asubuhi hiyo lilikuwa la duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Misumari, alikuwa amekaa nyuma ya mizani yake ameshika tama.

"Mzee, vipi? Biashara imelala?"

"Biashara haina neno. Ni wakwe."

"Wakwe wamefanyaje tena?"

"Binti yangu anaposwa. Jumapili wamekuja, wamekaa, wamekunywa chai yangu, kisha baba wa kijana ananiuliza, 'Na nyinyi, bwana, ni ukoo gani?' Nikamwambia nina maduka matatu. Akasema, 'Sikuuliza maduka.'"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini, kijana? Mimi niliokotwa. Mlangoni pa duka hili hili, ndani ya boksi la misumari. Mzee aliyeniokota aliniachia duka. Ukoo hakuwa nao wa ziada."

Mtu mwema angesema pole. Hariri naye alisema pole, lakini akili yake ilikuwa imeshavua viatu na kuingia ndani.

"Mlangoni?" aliuliza taratibu. "Mlangoni hasa, au kando ya mlango?"

"Kizingitini. Kwani kuna tofauti?"

Hariri alifumba macho kama mtu aliyepata habari ya ndugu aliyepotea. "Mzee wangu, umewahi kusikia Dola ya Randuma?"

Hata yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuisikia mpaka aliposikia mdomo wake ukiitaja. Jina lilikuja lenyewe, lina joto, kama kitu kilichokuwa kwenye mfuko wa koti la zamani. Hakujiuliza lilikotoka. Tapeli haulizi maneno yake ni watoto wa nani.

"Randuma," aliendelea, "ilitawaliwa na wafalme saba. Na katika Randuma, mtoto aliyewekwa kizingitini hakuwa ametupwa. Alikuwa amechaguliwa. Aliitwa Mlinzi wa Lango, na mfalme hakuingia nyumbani kwake bila kumsalimia yeye kwanza."

Bwana Misumari aliacha kushika tama. "Na hiyo dola iko wapi?"

"Imekufa, mzee. Dola zote za maana zimekufa. Ungeniambia bado ipo, mimi ningekuwa wa kwanza kuishuku."

"Ushahidi?"

"Kitabu kiko kwa mpiga chapa. Wiki ijayo unacho mkononi." Kitabu hakikuwa kwa mpiga chapa, wala popote.

"Haya. Na hicho cheo kinauzwa kiasi gani?"

Hariri alirudi nyuma hatua mbili, mkono kifuani. "Mzee! Cheo cha Randuma hakiuzwi. Fedha haigusani nacho kabisa. Mlinzi wa Lango hutoa nyumba moja tu, iitwe Nyumba ya Kumbukumbu, akaikabidhi kwa Mtunza Kumbukumbu."

"Na huyo Mtunza Kumbukumbu, bila shaka, ni wewe."

Hapo ndipo ufundi wa Hariri ulipoonekana, na hapo hapo ndipo alipojichimbia shimo. "Mimi? Hapana. Ni yeyote atakayesimama mguu mmoja kizingitini, mbele ya mashahidi, akawataja wafalme saba kwa mpangilio, bila karatasi. Neno lililosemwa mguu ukiwa kizingitini halirudishwi. Ndiyo sheria ya Randuma."

Sharti hilo lilimfanya aonekane hana tamaa hata chembe. Na nani mwingine duniani angewajua wafalme ambao yeye mwenyewe hakuwa amemaliza kuwabuni?

"Nyumba," alisema Bwana Misumari, akijikuna kidevu. "Lipo lile ghala langu la kona. Wale wa kisomo cha jioni nimewaambia watoke mwisho wa mwezi ujao, nilikuwa nataka kuweka mabati."

Mwiba mdogo ulimchoma Hariri moyoni, maana alimjua mtu aliyesoma katika ghala lile. Aliung'oa haraka. Si watatolewa tu, mabati au Randuma? Tena ng'ambo ya barabara alikuwepo muuza saruji aliyekuwa akiitamani kona ile kwa miaka. Hati ikishaandikwa, muuza saruji angenunua siku hiyo hiyo, na Hariri angekuwa ndani ya basi kabla ya adhuhuri.

*

Mtu aliyesoma ghalani alikuwa dada yake.

Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwenye sindano kolani wakati wote. Wazazi wao walipofariki, wote wawili walipelekwa kwa shangazi, yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, Hariri sita. Shangazi aliwapokea shingo upande, akawapa chumba kimoja na shuka moja. Dada hakusoma. Alishona, akamsomesha mdogo wake mpaka alipofukuzwa shule kwa kuuza majibu ya mtihani, ambayo hata hivyo yalikuwa si sahihi. Sasa, ukubwani, alikuwa amejiandikisha kisomo cha jioni. Kila asubuhi alisali kabla ya kutia uzi kwenye cherehani, na kila jioni alisali tena kabla ya kufungua daftari, akimwomba Mungu herufi zisimchezee.

Hariri alilala kwenye godoro nyuma ya pazia lake, akaandika historia ya Randuma kwa siku tatu. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Mfalme wa kwanza, Mla Mwisho, aliyekula baada ya raia wote kushiba. Wa pili, Mfunika Miguu. Wa tatu, Mwua Mbu. Wa nne, Mzima Taa. Majina yalikuja yenyewe, kazi yake ikawa kuyavalisha koti tu: Mwua Mbu akawa aliyelifukuza jeshi la mabwawani, Mzima Taa akawa aliyeleta amani. Wa tano ndiye aliyemsumbua. Alikaa saa nzima akitafuna kalamu, mwishowe akaandika "Mshinda Vita" na kusonga mbele. Wa sita na wa saba wakaja bila taabu: Mfungua Mlango, na Malkia Sindano.

"Mdogo wangu, chakula," dada aliita kutoka upande wa pili wa pazia.

Hariri alikula. Alipotosheka alisukuma sufuria pembeni, na dada akaivuta kwake akakwangua kilichobaki, kama alivyofanya miaka yote. Hariri hakuona lolote la ajabu. Alikuwa akimfikiria Mla Mwisho.

*

Dola inahitaji umaarufu. Ndiyo sababu kitabu kilipotoka, kurasa ishirini na jalada la bluu, Hariri alipeleka nakala kumi na tano kwenye kisomo cha jioni. Aliwaza hivi: watu wazima wanaojifunza kusoma ni waumini wepesi, wataisambaza habari mjini kwa mdomo.

Hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Msomi hupitisha macho. Hawa walisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na neno walilolipata kwa jasho hawakuliachia tena. Wiki moja baadaye mwalimu wao, mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimkaribisha mwandishi aje kujibu maswali.

Mshona viatu alinyoosha mkono. "Mwandishi, ukurasa wa nne, milango ya mji ilikuwa saba. Ukurasa wa tisa imekuwa kumi."

"Mji ulikuwa unakua, baba."

"Ndani ya kurasa tano?"

"Ndani ya miaka mia mbili. Kurasa ndizo zilizokuwa na haraka."

Mama muuza mkaa alisimama, kidole bado kipo kwenye mstari. "Huyu Mfunika Miguu. Alifunika miguu ya nani?"

"Ya taifa zima, mama. Ni fumbo. Aliunganisha mikoa ya kusini."

"Si ungeandika hivyo, tusihangaike? Na huyu wa tano, Mshinda Vita. Wenzake wote wana majina ya nyumbani, yeye peke yake ana jina la bango. Alishinda vita gani?"

"Vyote, mama."

"Vyote ni vipi?"

Hariri alilegeza tai. Katika maisha yake alishahojiwa na askari na mahakimu, na mara moja na wake wawili wa mtu mmoja, lakini hakuwahi kutoka jasho kama jioni ile. Dada yake alikuwa amekaa kiti cha mbele, kitabu kimefungwa mapajani.

Alikuwa ameanza kukisoma siku tatu kabla, nyumbani, kando ya cherehani. Kilikuwa kitabu cha kwanza kukisoma maishani mwake. Ukurasa wa kwanza ulimchukua nusu saa, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Ukurasa wa tatu, penye majina ya wafalme, alicheka kwa sauti. Kisha akajifuta macho kwa kitambaa alichokuwa akishona.

"Dada, unalia?"

"Vumbi la kitambaa."

Hariri alijilaza akitabasamu. Kumbe yeye ni mwandishi! Historia yake imemliza fundi cherehani.

"Haya mambo umeyatoa wapi, mdogo wangu?" aliuliza dada.

"Utafiti," alijibu Hariri, akageukia ukutani.

*

Jumamosi saa nne asubuhi ghala la kona lilikuwa limefagiwa. Wanafunzi walikaa kwenye madawati yao, vitabu wazi. Bwana Misumari alivaa suti mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Pembeni yake alikaa yule baba wa kijana, baba mkwe mtarajiwa, mrefu, mkavu, aliyekuja kuuona huo ukoo kwa macho yake. Karani wa wakili alikuwa na faili la kijani. Na nje, barazani, muuza saruji alisimama na kofia mkononi, akijifanya anasubiri mtu mwingine.

Mwalimu ndiye aliyeongoza shughuli. "Anayetaka kuwa Mtunza Kumbukumbu asogee."

Hariri alisogea kwa unyenyekevu wa mtu aliyeshurutishwa. Aliweka mguu mmoja kizingitini.

"Wa kwanza, Mla Mwisho. Wa pili, Mfunika Miguu. Wa tatu, Mwua Mbu. Wa nne, Mzima Taa. Wa tano..."

Wa tano hakuwepo. Hariri alimtafuta kila pembe ya kichwa chake. Alikuwa amemwambia mpiga chapa jina moja, Bwana Misumari jingine, muuza saruji jingine kabisa, na sasa wote walikuwa wamekimbia pamoja. Mbele yake vidole kumi na vitano vilikuwa vimetua kwenye mstari wa tano, vinamngoja.

"Wa tano... Mteka Nchi."

"Siyo!" alisema mama muuza mkaa, kwa furaha isiyo ya Kimungu hata kidogo.

"Kuna mwingine?" aliuliza mwalimu.

Dada alisimama. Alivua kandambili zake, akaenda mlangoni akaweka mguu. "Mungu nisaidie," alisema, kisha akataja kama mtu anayeita watoto wake waje kula. "Mla Mwisho. Mfunika Miguu. Mwua Mbu. Mzima Taa. Mlia Kimya. Mfungua Mlango. Malkia Sindano."

Karani alikohoa. "Mama, samahani. Wa tano kitabuni ni Mshinda Vita."

"Kitabu kimekosea."

"Utakikosoaje kitabu cha historia?"

Macho yote yalimgeukia mwandishi wake. Hariri alihitaji neno moja tu. Aseme kitabu ndicho sahihi, dada ameshindwa. Mwandishi ataomba kurudia, mara ya pili hatakosea, na kona ni yake. Nje, muuza saruji alivaa kofia.

Lakini jina lile lilikuwa limeshaingia masikioni mwake, na kila kitu kilikuja nalo. Chumba cha shangazi. Shuka moja, fupi, miguu yake ikitokeza, na dada akiivutia upande wa mdogo wake imfunike: huyo ndiye mfalme wa pili. Dada akipiga makofi gizani: huyo wa tatu. Dada akisema, usilale kabla Malkia hajafika. Na yeye, mtoto wa miaka sita, akiuliza kila siku, "Wa tano alifanya nini?" na dada akimjibu, "Hakufanya kitu. Twende kwa wa sita."

"Ni kweli," alisema Hariri, na sauti yake haikuwa na hariri yoyote. "Wa tano ni Mlia Kimya. Dada, nilimsahau."

"Ndivyo alivyotaka," alisema dada. "Ndiyo maana alilia kimya."

Kisha akawageukia watu akawaambia ukweli wote bila kuupamba. Kwamba Randuma haikuwahi kuwepo. Kwamba aliitunga yeye, akiwa mtoto, ili mtoto mwingine apate usingizi bila kuuliza mama yuko wapi. Kwamba watoto wa kizingitini walikuwa wao wawili, siku walipofikishwa kwa shangazi, na mlango haukufunguliwa mpaka jioni.

Baba mkwe alimtazama Bwana Misumari. "Kwa hiyo ukoo huna."

"Sina," alijibu Bwana Misumari, akasimama na suti yake yenye mikunjo. "Huyu mama alikuja dukani Alhamisi akaniambia yote haya. Nilikasirika mpaka nikavunja kipimo. Kisha nikawaza: hizo dola nyingine zilianzishwa na nani? Na watu wenye mapanga. Hii imeanzishwa na mtoto mwenye shuka. Mimi naichukua hii. Kama hukubali, chai yangu ulishakunywa, hatudaiani."

Baba mkwe alifikiri. Mwishowe aliinama mbele kidogo akasema kwa sauti ya chini, ambayo hata hivyo ghala zima liliisikia, "Wetu sisi aliutunga shangazi yangu."

Vicheko vilipopoa karani alifungua faili la kijani. Hati ilikuwa tayari, imepigwa chapa na kutiwa sahihi tangu juzi: nyumba ni ya kisomo cha jioni, msimamizi wake ni fundi cherehani. Hariri aliisoma mara mbili.

"Mlijua! Wote mlijua! Mkaniacha nisimame hapa nijiaibishe?"

"Ukurasa wa tatu nilijua," alisema dada.

"Na mimi," alisema Bwana Misumari, "nilitaka kuona kama nimechezewa na mwizi au na mtu. Dada yako aliapa kuwa ni mtu. Ungesema kitabu ndicho sahihi, kuna askari wawili wanakunywa soda dukani kwangu tangu saa tatu. Na soda nalipa mimi."

Nje, muuza saruji aligundua ghafla kwamba ana shughuli mahali pengine.

"Nilisali siku tatu," dada alimwambia Hariri. "Siku ya kwanza niliomba ukamatwe. Ya pili nikaomba usikamatwe. Ya tatu nikaona niache kumfundisha Mungu kazi." Akamshika mkono kama zamani walipokuwa wakivuka barabara. "Haya. Weka mguu."

"Wapi?"

"Unapajua. Sheria umeiandika wewe."

Hariri aliweka mguu kizingitini. Mwalimu alisafisha miwani. Karani alishika kalamu. Wanafunzi walifunga vitabu, maana haya hayakuwemo.

"Niseme nini?"

"Wewe ndiye mwenye maneno," alisema dada.

Alitafuta yale laini, hakupata hata moja. "Kuanzia leo," alisema, "nitakuja hapa kila jioni, niandike kitabu upya, na wa tano nimweke mahali pake. Mbele yenu wote." Alimtazama dada yake. "Na nyumbani, dada atakula kwanza. Mimi nitakula mwisho."

"Huku nyuma hatujasikia!" alipaza mama muuza mkaa.

Hariri alifungua tai yake ya zambarau, akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara: "Mimi nitakula mwisho!"